Fungua Waone

Katika nyumba ile mgeni hakupewa chai kabla hajaonyeshwa nywele. Nywele zenyewe hazikuwa za Bibi mwenye nyumba, maana Bibi alikuwa mtu mzima wa kushinda na kilemba kichwani. Zilikuwa za mjukuu wake, ambaye jina alilopewa alipozaliwa lilishasahaulika na wote isipokuwa karani wa mishahara kazini kwake. Ukoo mzima ulimwita Mawimbi. Mgeni akishakaa, akishaulizwa habari za kwake na kabla hajamaliza kuzijibu, Bibi aligeuzia uso jikoni na kuita, "Mke mwenzangu, hebu njoo. Fungua waone."

Basi Mawimbi alikuja na kufungua kibanio. Nywele zilishuka mpaka mabegani, si za singa, si za kipilipili, bali za mawimbi hasa: utosini zimelala, shingoni zinajikunja na kujikunjua, na kwenye ncha zinajiviringa kama maranda yanayotoka kwenye randa ya seremala. Mgeni alishangaa, maana adabu ni adabu. Hapo Bibi alishusha pumzi, akagusa kilemba chake kwa kidole kimoja na kusema, kwa sauti ya mtu asiyependa kujisifu, kwamba damu haipotei. Kwamba yeye ndiye aliyezaliwa nazo, na kwa bahati mbaya binti yake zikamruka, zikatua kwa mjukuu. Huyo binti, yaani mama yake Mawimbi, alikuwa amekaa palepale na kikombe chake. Alishazoea kurukwa.

Babu naye alikuwepo, ila Babu alikuwa wa kuwepo tu. Alikuwa seremala wa siku nyingi, mwenye karakana ndogo nyuma ya nyumba na upara ambao hakuna mtu aliyewahi kuujua ukiwa kitu kingine. Chai yake aliimaliza kabla ya wote. Lakini hakuondoka, alikaa na kikombe kitupu mpaka nywele zifunguliwe, zisifiwe, zibanwe tena, ndipo alipovaa kofia yake vizuri na kurudi kwenye mbao zake. Hakuna aliyewahi kujiuliza alikuwa anangoja nini.

Sasa tuseme ukweli. Mtoto akionyeshwa kwa wageni anaona raha, na kijana anaona haya, lakini Mawimbi alikuwa mtu mzima na kazi yake. Alikuwa fundi keki katika duka la mikate, na keki zake za harusi zilikuwa zinaagizwa na watu wasiomjua hata kwa sura. Ng'ombe wa mnadani hufunuliwa meno, yeye akafunuliwa nywele, na wote wawili hawakuulizwa. Shangazi zake wakija walimshika kichwa kabla ya kumshika mkono. Binamu zake wakimkasirikia walimwambia zikate basi, si unaringia hizo. Akipandishwa cheo kazini, habari ilipofika nyumbani ilidumu kidogo tu, kisha mtu akauliza anapaka mafuta gani.

Na hizo nywele zenyewe wala hazikuwa na shukrani. Kila asubuhi alizipiga pasi, ile pasi ya nywele ya kubana, mpaka zinyooke kama za watu wengine. Akifika kazini anavaa kofia ya wavu, anaingia jikoni, na mwoka mikate anafungua tanuri. Mvuke ukimpiga usoni, kazi yote ya asubuhi imekwisha. Kabla ya saa ya chai nywele zilishajikunja na kuchungulia pembeni mwa wavu kama watoto kwenye dirisha la harusi. Msimamizi wa zamu alikuwa na tabia ya kumwambia kwamba anaingia mtu mmoja na kutoka mwingine, na kwamba yeye hajui amlipe yupi.

Kilichomkatisha tamaa kabisa ilikuwa keki ya harusi ya jirani yao. Ilikuwa ya ghorofa, nyeupe, maua yote ameyakamua kwa mkono wake. Msimamizi akaikagua kwa mara ya mwisho, akainama, akanyoosha vidole viwili, akatoa kwenye ua la juu kabisa unywele mmoja mrefu wenye mawimbi. Jikoni mle walikuwa watu wengi, lakini hakuna aliyeuliza ni wa nani. Mwoka mikate alisema tu kwamba angalau umelingana na pambo. Wote walicheka, na Mawimbi akacheka nao, huku masikio yanawaka. Alipovua aproni siku ile alishaamua: kesho yake ataweka dawa, na keshokutwa ataingia kwenye harusi hiyo na kichwa chake mwenyewe.

Msusi wa mtaa ule alikuwa na viti viwili, beseni moja na maneno yasiyo na idadi. Alizishika nywele za Mawimbi akazisugua baina ya vidole kama mnunuzi wa kitambaa, akazivuta kidogo, akaziachia zirudi, akaguna. Kisha akauliza kama Bibi anajua. Mawimbi akasema amekuja kuzungumzia nywele za kichwa chake. Msusi akasema kichwa ni chake, hilo hana ubishi nalo, lakini nywele mtaa mzima unajua ni za Bibi, na yeye hataki kesi ya mali ya watu. Ikabidi Mawimbi aapishwe pale kitini kwamba lolote litakalotokea atalibeba mwenyewe.

Lakini kazi yake msusi aliijua. Alieleza kwamba nywele kama zile zinadanganya. Mtu akiziona nyingi anadhani zina nguvu, anazipaka dawa kali na kuziacha kama anavyowaacha wenye kipilipili, halafu zinatoka na maji. Hizi zinataka dawa laini na macho makali. Kwanza alichukua kishungi kimoja nyuma ya sikio, akakipaka peke yake, akakiangalia mpaka kikalala, akakiosha, akakivuta kuona kama kitakatika. Hakikukatika. Ndipo akampaka mafuta ya mgando kuzunguka paji la uso na masikio, akavaa glavu na kuanza kupaka fungu kwa fungu, akilainisha kwa mgongo wa chanuo. Harufu ya dawa ikawapanda puani. Mawimbi alipouliza kama ni kawaida kuwashwa kidogo, msusi alimjibu kwamba ukitaka uzuri sharti udhurike, ila akiunguzwa aseme upesi, asimfanyie ushujaa kwenye saluni yake.

Wakati wa kuosha alimwagia ile shampuu ya kuondoa dawa, ambayo povu lake likiwa na rangi ya waridi ujue dawa bado imo. Akaosha, akaosha tena, mpaka povu likawa jeupe pe. Akamwambia sasa pasi aipumzishe, na asije akarudi kesho analia anataka mawimbi yake. "Kilichonyooka kimenyooka," alisema. "Ila dawa haifiki kwenye mzizi. Zitakazoota zitakuja vilevile zilivyozoea, kwa hiyo tutaonana."

Zilipokauka, Mawimbi alijitazama kwenye kioo na kupenda alichokiona. Hapo hapana la kuficha. Nywele zililala, nyeusi, nyoofu, zikifuata kichwa chake kila alikokigeuza bila kuwa na maoni yao. Alifurahi kama mtu aliyepewa funguo za chumba chake mwenyewe. Furaha hiyo ilimsindikiza vizuri tu mpaka kona ya kwao. Pale ikamuaga, ikamwachia woga.

Njia nzima alikuwa ametunga hotuba. Atamwambia Bibi kwamba anampenda, kwamba hakukusudia kumvunjia heshima, kwamba nywele ni nywele tu. Lakini moyoni alijua kwamba kwa Bibi nywele hazikuwa nywele tu. Ndizo zilizokuwa fahari yake, ndizo alizowarithisha watu, na huenda mtoto aliyezifuta kwa kopo la dawa asisamehewe mpaka siku ya kuzikana. Aliwakuta sebuleni wanakunywa chai: Bibi na kilemba chake, Mama, na Babu ambaye kikombe chake kilishakuwa kitupu. Akasimama mlangoni. Hotuba ikamkimbia yote.

Mama alikuwa wa kwanza kuona, na alichofanya ni kuweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeondoka karibu na nyoka. Bibi akainua macho. Aliangalia muda mrefu. Akamwita kwa mkono, akamkalisha kwenye mkeka mbele yake, akaweka kiganja utosini mwa mjukuu na kukishusha. Kiganja kikateleza mpaka kwenye ncha bila kukwama popote. Akarudia tena. Mawimbi alifumba macho akisubiri radhi ziondolewe.

"Afadhali," alisema Bibi.

Wakadhani amechanganyikiwa. Kumbe Bibi alikuwa anafungua kilemba. Jambo hilo halikuwa la kawaida. Bibi alikuwa akifungua kilemba siku ya sherehe tu, na siku hiyo mawimbi yake yalikuwa yanameremeta. Sasa kilemba kilipoanguka mapajani, kichwani mlikuwa na vibutu, vingi, vidogo, vibichi kwa maji, kila kimoja kimekazwa kwa uzi mweusi. Vilikuwa vinatayarishwa kwa harusi ya keshoye. Akaeleza kwamba hivyo ndivyo alivyofanya kila sherehe tangu ujana wake: analoanisha, anasuka, analala juu ya vinundu hivyo kama mtu aliyelalia mawe, asubuhi anafumua, na watu wanasema mashaallah. "Nimechoka, mke mwenzangu," alisema. "Shingo inaniuma. Kama wewe umenyoosha, basi na mimi nipumzike."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Miaka yote hiyo ya kurukwa, kumbe hakukuwa na kitu cha kumruka! Akasema za mwizi ni arobaini, na Bibi akamwambia anyamaze, yeye alipata wapi mdomo huo. Mawimbi naye alicheka, kwa kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Kisha Mama, akijifuta machozi, akauliza swali ambalo mtu mwenye akili angeliuliza mwanzo kabisa. Kama za Bibi ni za kusuka, basi hizi za mtoto zilitoka wapi?

Bibi akaanza kutafuta kitu ndani ya kikombe chake.

"Kwangu," alisema Babu.

Jamani, hapo ndipo nyumba ilipotaka kuanguka. Mama alilala kabisa kwenye kochi. Alimuuliza baba yake kama ni zile alizozisahau kwa kinyozi, au zile alizolikopesha yai. Mawimbi alicheka mpaka akashindwa kupumua, maana upara wa Babu ulikuwa palepale, unang'aa chini ya taa, na kweli ulikuwa unafanana na yai. Babu alitabasamu kidogo. Akavaa kofia yake, akainyoosha kwa mikono miwili, akachukua kikombe chake kitupu akatoka nacho nje.

Mtu mmoja tu hakuwa amecheka. Bibi alisubiri mpaka mlango wa nyuma ufungwe, ndipo akasema kwa sauti ndogo kwamba mzee hajadanganya. Siku ya harusi yao watu walimsifu bwana harusi nywele mpaka bibi harusi akakaa pembeni kama mgeni wa kualikwa. Wanawake walikuwa wanapita kumtazama yeye! Basi wiki hiyohiyo Bibi akaanza kusuka vibutu. Baadaye nywele za mzee zikaanza kutoka, zikatoka upesi, kabla hata binti yao hajajua kutofautisha sura za watu. Picha moja waliyokuwa nayo ililiwa na mchwa. Watu wapya wakaja, wakayaona mawimbi kichwani kwa Bibi, wakasifu, naye akaitikia. Mjukuu alipozaliwa nazo, wakasema amefuata kwa Bibi, naye akaitikia tena. "Nilikuwa nitarudisha," alisema Bibi, kama vile ni sufuria aliyoazima kwa jirani. "Siku zikapita."

Mawimbi alitoka kwenda karakana. Babu alikuwa ameinama kwenye ubao, anapiga randa, na maranda yalikuwa yanajiviringa na kuanguka miguuni pake. Mawimbi alipokuwa mtoto, Babu alikuwa akiokota kipande kimoja kirefu cha maranda na kumwekea kando ya sikio, akilinganisha, kisha anacheka peke yake. Mawimbi alikuwa anadhani ni mchezo wa kumfurahisha yeye. Akakaa juu ya kigoda, akaomba msamaha kwa kucheka. Babu akasema kicheko ni haki yao, hata yeye akijitazama kwenye kioo hucheka. Akasema amependeza pia, na alisema kweli, maana Babu hakujua kusifu kwa uongo. Hata meza ikiwa mbovu alimwambia mwenye meza.

"Kwa nini hukusema siku zote?" aliuliza Mawimbi.

Babu alipuliza vumbi kwenye ubao. "Mwenye upara akidai nywele, nani atamsikiliza? Na mwenzangu alikuwa anafurahi. Mimi zilinitosha kuziangalia." Akaupapasa ubao, kisha akaongeza, kama anayezungumza na ubao, "Akikuita ufungue, nilikuwa naziona zangu."

Hapo Mawimbi alilia. Alikumbuka kikombe kitupu kila siku ya wageni, na mzee aliyekaa nacho mkononi akijifanya bado anakunywa. Alikuwa amemwogopa Bibi njia nzima, na aliyemuumiza alikuwa huyu ambaye hakumfikiria hata mara moja. Na jambo lililomchoma zaidi ni kwamba hakujuta. Alizipenda nywele zake zilivyokuwa sasa, na kesho angezipenda tena. Angesema uongo gani? Akamshika Babu mkono, akamwambia alivyoambiwa saluni, kwamba dawa haifiki kwenye mzizi, kwamba zitaota nyingine na zitakuja vilevile.

"Hata mimi niliambiwa zitaota," alisema Babu, na safari hii walicheka wawili.

Harusini wote walikwenda. Bibi alikwenda na kilemba, akasema kichwa kinamuuma, na si uongo, ila hakusema tangu lini. Keki ilisifiwa. Nywele zikasifiwa pia na wale wanaosifu kila kitu, na wale wengine wakanong'ona, na Mawimbi akala keki yake bila kuwajali. Kazini mwoka mikate alilalamika kwamba sasa hawajui wamwite nani. Waliendelea kumwita Mawimbi, maana jina ni kama deni la dukani, halifutiki kwa sababu umebadilisha nguo.

Kisha zikaanza kuota. Babu, ambaye maishani mwake hakuwahi kuwa na shida na mlango wa jikoni, ghafla alianza kuukagua bawaba kila mara Mawimbi akiwa ameinama kuosha vyombo. Anasimama nyuma yake, anaguna, anaondoka. Siku moja Mawimbi alimwambia bila kugeuka kwamba bado, zina urefu wa punje ya mchele tu. Babu akasema yeye anaangalia bawaba. Lakini kesho yake alirudi kuangalia bawaba.

Ulipofika wakati wa kurudia dawa, Mawimbi alikwenda saluni kama alivyopatana. Msusi akamkaribisha, akagawa nywele kwa chanuo, akaiona mizizi mipya imejikunja, akatangaza kwamba si alisema. Alipofika kisogoni Mawimbi alimzuia. Akamwambia pale dawa isiguse, akate tu ncha zilizonyooka, aache upana wa viganja viwili kuanzia nyuma ya masikio kushuka chini. Msusi akaweka kopo mezani. Akasema haiwezekani, juu zitakuwa singa na chini mawimbi, watu wataona watasema amesahau kumaliza, na jina lake yeye ameliweka kwenye kibao pale nje kwa gharama.

"Za juu ni zangu," alisema Mawimbi. "Za kisogoni nimemtunzia mwenyewe."

Msusi alifungua mdomo kuuliza ni nani. Akamtazama usoni kwenye kioo, akaufunga, jambo ambalo wateja waliokuwepo walilisimulia kwa muda mrefu. Akapaka mafuta ya mgando kwenye mpaka ule kwa uangalifu kuliko alivyopaka masikio.

Miezi ilipita, na wageni wakaja, watu wa upande wa Bibi ambao hawakuwa wamefika siku nyingi. Wakakaa, wakaulizwa habari za kwao. Bibi akageuzia uso jikoni kwa mazoea, akaita, "Mke mwenzangu, hebu njoo," halafu akakwama. Mama akaacha kutafuna. Bibi aligusa kilemba chake kwa kidole kimoja, akaukunja mkono tena mapajani. Akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa amekaa na kikombe kitupu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayerudisha sufuria ya jirani na hajui kama ameisugua vya kutosha.

"Mzee," alisema, "mwite mwenyewe. Ni zako."

Mawimbi alikuwa ameshafika mlangoni. Aliwapa wageni mgongo, akakusanya nywele zake nyoofu kwa mikono miwili, akaziinua juu, na kisogoni yakaonekana mawimbi, mapya, mafupi bado, yanajikunja mpaka kwenye shingo. Sauti ya Babu ilichelewa kuja.

"Fungua waone," alisema, ingawa zilishafunguliwa.

Kisha alisimama, akavua kofia, akawainamia wageni na kuugonga upara wake kwa kidole. "Zimetoka hapa," akawaambia. Wageni waliutazama upara, wakakitazama kisogo, wakautazama upara tena. Wakashangaa, maana adabu ni adabu. Bibi ndiye aliyecheka, akilia kidogo, huku anammiminia mzee wake kikombe cha pili. Babu akakaa akakinywa, na siku ile hakurudi karakana.